Nililaumu baridi ya Birmingham kwa bogenvilia ya baba mkwe, kumbe tatizo lilikuwa ndani ya nyumba

Wakuu, habari za humu ndani. Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba.

Mimi ni msomaji tu wa siku nyingi, nakoment mara moja moja kwenye nyuzi za mpira na kukimbia. Leo nimeona niandike jambo lililotokea nyumbani kwangu. Hii siyo chai. Majina nimebadilisha, mengine yote ni vile vile yalivyokuwa.

Ni habari ya maua. Mwenye haraka apite, ila nadhani wenye wazazi wanaoishi nao huku nje mtakaa mpaka mwisho.

Kwa kifupi, mimi ni mtu wa Singida, dereva wa basi hapa Birmingham, naishi Perry Barr na mke wangu. Nitamwita Zuhura. Yeye ni Mzanzibari, anafanya kazi hospitali upande wa Harborne. Ndoa ya bara na visiwani, kwa hiyo utani ndani ya nyumba hauishi.

Mama mkwe alipofariki, baba mkwe alibaki peke yake kwenye nyumba yao Unguja. Watoto wengine wako Muscat. Majirani wakawa wanapiga simu: mzee hali, mzee hatoki nje, mzee kakonda. Zuhura kila akikata simu ni kilio. Tukakubaliana aje kukaa kwetu.

Kabla hamjauliza ya viza: mzee aliwahi kuishi na kufanya kazi nchi hii ujanani, makaratasi yake yako sawa. Tuishie hapo.

Sasa niwaeleze nyumba yenyewe, maana bila hiyo hamtanielewa. Chini kuna sebule, chumba cha mbele tulichompa mzee alale, jiko, na kachoo kadogo chini ya ngazi ambako ukikaa magoti yanagusa mlango. Kasinki kake ni ka kunawa vidole tu. Bafu la maana liko juu. Nyuma ya jiko kuna conservatory.

Kwa wasioijua, conservatory ni chumba cha vioo kinachobandikwa nyuma ya nyumba, vioo mpaka paa. Wenyeji wanakaa humo wanakunywa chai wakiangalia mvua. Sisi Waswahili tunaweka magunia ya mchele, masanduku ya safari na kamba ya kuanikia nguo. Msibishe, mnajijua.

Mzee alipofika tu akakipenda kile chumba. Akatuomba kwa upole tuhamishe mchele. Akatandika mswala wake pale, akaweka kiti na kigoda, ikawa ndiyo baraza yake. Alisema akiswali pale anaona mbingu.

Lakini bado alikuwa mnyonge. Anakula vijiko viwili vitatu, anasema alhamdulillah, anasukuma sahani.

Siku moja ya kiangazi nikampeleka garden centre, yale maduka makubwa ya mimea, nia yangu atembeze miguu tu. Tukapita mlango wa pili, mzee akasimama ghafla. Bogenvilia. Imesimama kwenye kijiti chake, rangi ya zambarau, imejaa mpaka chini. Akaishika miiba kama anahakikisha.

"Na wewe umefikaje huku?" akaiuliza. Wakuu, aliiuliza kabisa, kwa sauti, na watu wanapita.

Kumbe mama mkwe alikuwa nayo pembeni ya baraza kule Unguja. Aliipanda mwenyewe walipohamia.

Mimi kwetu bogenvilia ni uzio wa shule ya msingi. Hakuna aliyewahi kuimwagilia, hakuna aliyewahi kuisifia, tulichokijua sisi ni ile miiba ukipenya kwenye uzio kwa sababu umechelewa. Kuiona inauzwa na kibandiko cha maelezo nilicheka. Lakini nilimwangalia mzee usoni, nikaibeba.

Zuhura akatoa chungu chake cha kigae, cha buluu, kizuri sana, hakina tundu chini. Tukakitumbukiza humo kile cha plastiki kilichokuja na mmea. Ikapendeza kweli. Kumbukeni hilo la kutokuwa na tundu.

Kiangazi chote tulikuwa na raha. Chumba cha vioo kikipata jua kinawaka mpaka unafungua milango, na bogenvilia ndicho inachokitaka. Ilitoa rangi mpaka ikawa inaning'inia.

(Hapa niwape elimu kidogo. Yale ya rangi si maua. Ni majani yaliyobadilika. Ua lenyewe ni kale keupe kadogo katikati ambako hakuna anayekaangalia. Nimeishi miaka yote hii sijui.)

Mzee akaanza kula. Akaanza kunitania tena kuhusu ugali wa uwele. Akipiga simu ya video Muscat anawaonyesha mti kwanza, yeye baadaye. Wageni wakija anawapeleka nyuma kabla hata chai haijachemka. Zuhura alikuwa anasimama mlangoni anamtazama baba yake na kufuta macho na upande wa kanga.

Vuli ikaingia, majani yakaanza kupukutika.

Kwanza moja moja. Kisha kila asubuhi sakafu imejaa. Yale yaliyobaki yakawa ya njano, laini, yanaanguka ukipita tu karibu. Mzee anayaokota kwa mkono, anayatia kwenye mfuko. Na sahani ikaanza kusukumwa tena.

Siku hiyo tuko mezani, jioni ya Jumapili, akasema, "Zuhura, mwanangu, nitazamie safari. N'nataka kurudi."

Zuhura akadhani anataka kwenda kutembea. "Tutakwenda wote Baba, likizo."

"La. Mie n'nakwenda kukaa."

"Kukaa na nani?"

"Na nyumba yangu." Kisha akaonyesha kule nyuma kwa kidevu. "Mti wa kwetu una akili. Ule umeshasema neno lake. Pahala hapa si pake, na mie si pangu."

Hakuna aliyemaliza chakula. Zuhura aliniambia baadaye jikoni kwamba akimpandisha baba yake ndege arudi kwenye nyumba tupu, atakuwa anamsindikiza kaburini. Alisema hivyo hivyo, bila kupamba.

Basi mimi, akili yangu ya kidereva, nikajiambia kazi ni moja. Huu mti ukipona, mzee atabaki. Nikaingia vitani na baridi.

Nikaweka hita ya umeme pale ndani. Zuhura akalalamika kuhusu bili, nikamwambia chagua, bili au baba. Akaiwasha mwenyewe.

Nikabandika plastiki ya mapovu kwenye vioo. Nikanunua mbolea ya maji. Kisha nikaagiza mtandaoni zile taa za kuoteshea mimea, za rangi ya zambarau. Nikiziwasha, nyumba nzima kwa nyuma inang'aa kama ukumbi wa arusi.

Jirani yetu, mama mmoja mpole sana, akanisimamisha getini akaniuliza kwa adabu tunalima nini. Nilielewa alichomaanisha, alidhani bangi. Ilibidi nimwingize ndani aone kwa macho yake kijiti kimoja chenye majani ya kuhesabu, na mzee kakaa pembeni anavuta tasbihi. Aliomba radhi mpaka mimi nikaona aibu.

Majani yakaendelea kudondoka. Mbolea imekwenda bure.

Kazini kuna mwenzangu, Abdi, Msomali aliyekulia Nairobi. Tulikuwa tunakunywa chai depo, nikamweleza masaibu yangu. Akaniangalia kama mtu aliyeniona nikigonga nguzo.

"Boss, hiyo si baridi. Hiyo umeiua na maji."

Nikamwambia toka vuli simwagilii, nimesoma kwamba winter inataka maji kidogo sana.

"Zii. Mathe yangu alikuwa na moja kwa nyumba hapa Birmingham, tukaimwagilia winter yote tukidhani tunaisaidia. Ikaoza. Hebu enda home uingize kidole kwa mchanga, ndio unibishie."

Nilipofika nyumbani niliingiza kidole. Udongo ulikuwa chepechepe.

Nikamuuliza Zuhura kama anaumwagilia. Hapana, hata hapiti huko, anaogopa kuuangalia. Mzee sikumuuliza. Baba mkwe ni baba mkwe, jamani. Huwezi kumsimamisha mtu mzima aliyekupa binti yake umhoji maji.

Siku niliyopata off katikati ya wiki, Zuhura yuko shift, nilikuwa jikoni nakata vitunguu. Simu ya mzee ikaadhini adhuhuri. Akatoka chumbani, akanisalimia, akachota maji ya vuguvugu kwenye kopo lake pale sinki ya jikoni, akapita kwenda nyuma.

Hilo kopo nimeliona mara nyingi. Kopo kwenye nyumba ya Mwislamu huku Ulaya ni kitu cha kawaida, sijawahi kufikiria linakwenda wapi.

Mlango ulikuwa wazi. Nikamwona anakaa kwenye kigoda, kando ya chungu cha buluu. Akanawa mikono juu ya chungu. Akasukutua, uso, mikono mpaka kwenye viwiko, akapaka kichwa. Halafu akaushika mguu wa kulia kwa mikono yote miwili, akaunyanyua, akauweka kwenye ukingo wa chungu. Akauosha. Kisha wa kushoto. Maji yote ndani ya chungu, tone halipotei sakafuni.

Yaani mti ulikuwa unatiwa udhu kila swala. Kila siku ya Mungu, winter nzima, kwenye chungu kisicho na tundu.

Nisiwe mnafiki, kitu cha kwanza nilichohisi ni furaha. Nimempata mchawi wa bogenvilia!

Mzee akataka kusimama. Akashika kizingiti cha dirisha, akajivuta, ikashindikana, akakaa tena. Akapumua. Akajaribu tena, akasimama, akabaki kashika kioo muda mrefu kabla hajaufikia mswala. Mimi niko na kisu mkononi, nataka kwenda kumshika, na najua akijua nimemwona atafedheheka. Nikarudi kwenye vitunguu vyangu.

Zuhura alipotoka kazini nikamsimulia habari ya kopo huku nacheka. Nikamwambia, mwambie baba yako atie udhu bafuni.

"Mimi simwambii baba yangu hivyo," akasema. Halafu akaacha kuvua koti. "Kwani kwa nini hapandi juu?"

Tukatazamana. Wakuu, mimi nakaa na yule mzee nyumba moja, na sikuweza kukumbuka lini nimemwona kwenye ngazi. Tuliambiwa anaoga tukishaondoka, tukaridhika. Roho iliniuma sana pale, siwafichi.

Zuhura akaenda kukaa chini, pembeni ya mswala. Mimi nikabaki mlangoni. Akaanza mbali, akamuuliza habari ya udhu na mti. Mzee akacheka kidogo, akasema maji aliyotilia udhu roho yake haikubali kuyamwaga kwenye bomba la taka, heri yampate kiumbe. Na hilo ni kweli, mzee ni mtu wa kuchukia israfu, hata maji ya kuoshea mchele alikuwa anatugombeza.

"Na ngazi je, Baba?"

Akageuza kopo mkononi.

"N'lianguka," akasema. "Kule juu, natoka bafuni. Mwanzo wa baridi. Goti hili toka siku ile silo lile. Nashuka na kupanda kwa makalio, kama mtoto, nyinyi mkiwa kazini."

"Baba, na hukutwambia!"

"Ningekwambia ungefanya nini? Ungeacha kazi unibebe? Nimekuja hapa mzigo wa chakula, sikutaka niwe mzigo wa kubebwa. Kwetu nyumba ya chini, haina ngazi."

"Na ukianguka kwetu, atakuokota nani?"

"Mungu."

"Mungu kakuleta kwangu," Zuhura akamwambia. "Ndiye huyo huyo."

Mzee akamwekea mkono kichwani, na mimi nikaona niondoke mlangoni.

Kesho yake asubuhi akaniita. "Mtu wa bara, njoo tuutoe mti tuuone."

Nikaukamata, nikauvuta kutoka kwenye chungu cha Zuhura. Chini kulikuwa na maji ya kutosha kuloweka kunde, yananuka kinamasi. Nikauvua kile chungu cha plastiki. Mizizi myeusi. Ukiishika ganda linabaki mkononi. Nikakwangua shina kwa ukucha, maana ukikwangua ukaona kijani kuna uhai. Kahawia. Nikashuka chini, nikakwangua tena. Kahawia tupu, mpaka kwenye udongo.

Mzee akachukua kisu akakwangua mwenyewe, kila tawi. Nilimwacha. Alifika mwisho akakiweka kisu chini.

"Nimeuzamisha mie," akasema.

Nilichojua mimi ni kwamba mti umekufa, na mzee alishasema mti ndio uliomwonyesha njia.

Akaniuliza, "Kwa hiyo haukukataa pahala hapa?"

"Haukukataa Baba. Hata baridi yenyewe haukuiona, humu mlikuwa na joto kuliko Singida."

Akauangalia ule mti, akaniangalia mimi, akaangalia hita, akaangalia zile taa zangu. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Masikini mkwe wangu! Kaweka hita, kaweka taa za arusi, na mie nyuma yake nakuja na kopo!"

Kuhusu safari hakusema kitu siku hiyo, wala iliyofuata. Na sisi hatukuuliza. Zuhura alikuwa anatembea ndani ya nyumba kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Ijumaa baada ya swala mwanawe wa Muscat akapiga simu. Mzee aliweka sauti kubwa kama kawaida yao wazee, kwa hiyo tulisikia wote. Jamaa akamuuliza, Baba, tiketi umeshapata? Nije nikupokee Unguja lini?

"Safari imeakhirika," mzee akasema.

"Mpaka lini, Baba?"

"We unaniuliza mpaka lini! Mie nakaa kwa mwanangu, nina ratiba?"

Zuhura aliacha mwiko ndani ya sufuria akatoka nje uani, kwenye mvua, bila viatu. Nilimfuata na mwavuli. Tukasimama pale tunalia na kucheka kama wendawazimu, yule jirani yetu akatuchungulia, nadhani alishakata tamaa na sisi.

Mengine yalikuwa kazi tu. Daktari akaliona goti, anafanyishwa mazoezi. Tukaweka vishikio pande zote za ngazi. Kile kichoo cha chini tukamwita fundi, kijana wa Kikongo, akang'oa kasinki, akajenga beseni la chini la vigae lenye bomba na kiti. Alikaa mwenyewe akajaribu kwanza.

"Papa ataweka muguu hapa, hataumia. C'est bon," akasema.

Mzee alipotia udhu pale mara ya kwanza alikaa muda mrefu, mpaka Zuhura akagonga. Kumbe alikuwa anafungua na kufunga bomba tu.

Masika ya huku yalipofika alitaka kwenda mwenyewe garden centre. Akachagua bogenvilia ndogo, ya rangi ya machungwa. Nikamwambia ile ya zambarau ipo, akasema ile ilikuwa ya mkewe, hii ni yake.

Kwa wanaotaka kupanda, nimejifunza haya. Chungu lazima kiwe na matundu. Jua lote utakaloweza kulipata. Kiangazi unamwagilia vizuri, unaacha udongo ukauke kidogo ndipo unarudia. Winter unauacha udongo karibu mkavu kabisa, sehemu yenye mwanga isiyoganda, wala haihitaji joto la kupikia maandazi. Na majani kupukutika winter ni kawaida yake huku, imelala tu, usiifanyie kikao cha ukoo. Sisi tuliozoea kuiona inachanua mwaka mzima tunadhani imekufa, tunaanza kuihangaikia, na hapo ndipo tunaiua kweli.

Hii mpya bado haijatoa rangi hata moja. Mzee hana wasiwasi nayo. Tatizo ni mimi, nikishika tu jagi la maji nikapita karibu ananiita jina langu lote.

Nilichojifunza, wakuu, ni hiki. Mzazi akikwambia anataka kurudi nyumbani, sisi tunakimbilia kubishana naye kuhusu baridi, chakula na upweke. Tunanunua hita. Wakati mwingine ni ngazi tu. Kuna kitu kimoja ndani ya nyumba yako kinamshinda, na atakufa nacho kuliko kukwambia, kwa sababu amekulea na hataki ubadilishane naye zamu.

Kwa hiyo kabla hujakoment hapa chini, nenda kamtazame mzee wako akienda kutawadha, au kuoga, au kufungua mlango tu. Usimuulize kitu, mtazame mpaka mwisho. Kisha rudi utuambie umeona nini.